Mtundikeni na Kaini

Hapa Sherikat, ng'ambo ya daraja la Juba ukiifuata barabara ya Nimule, kanisa letu lina picha mbili tu. Moja iko mbele, juu ya madhabahu. Yesu amepiga magoti Gethsemane, mikono ameifumba juu ya jiwe, uso ameuinua kwenye mwanga. Ya pili iko karibu na mlango. Ni Yesu huyo huyo, usiku, ameshika taa, anabisha mlango wa mtu. Zote mbili zililetwa na akina mama kutoka Kampala, ni karatasi za kalenda, na mvua inayopita kwenye bati letu imeshazitia madoa.

Mwezi uliopita vijana walisimama baada ya ibada wakasema picha hizo zitolewe. Ati Yesu hakuwa kawaja, kama tunavyomwita mzungu hapa Juba, na wao wamechoka kumpigia magoti. Wazee wakakataa. Mama mmoja akalia. Alisema ile ya Gethsemane ameombea mbele yake miaka yote hii ambayo mumewe hajarudi, na sasa watoto wa juzi wanataka kuitupa. Basi wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilifundisha Kakuma na ninajulikana kuwa mtu wa vitabu. "Mwalimu, sema."

Nikasema, na nikawaudhi wote. Ninaandika hapa ili niwaudhi na ninyi mlioko kambini, pamoja na ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kurasa hizi, kwa sababu neno lenyewe linatugusa sisi sote.

Tuanze na vijana, maana wana haki nusu. Picha ya Gethsemane ilichorwa na Mjerumani, Heinrich Hofmann, aliyezaliwa Darmstadt mwaka 1824, akawa profesa katika chuo cha sanaa cha Dresden. Picha yenyewe ilinunuliwa na John D. Rockefeller mdogo, mrithi wa mali ya mafuta, na leo iko katika kanisa la Riverside huko New York. Ile ya mlangoni ni ya Mwingereza, William Holman Hunt, ambaye aliimaliza mwaka 1853. Hunt alikuwa amegombana na mafundisho ya chuo chake cha London, lakini picha yake ilionyeshwa huko huko chuoni mwaka 1854. Alipozeeka ikatengenezwa nyingine kubwa zaidi, ikazungushwa Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini kati ya 1905 na 1907. Kwa hiyo msishangae kwamba imefika mpaka Sherikat. Picha hizi zilisafiri na dola, na wapiga chapa wakamalizia kazi.

Sura ni za Ulaya, hilo halina ubishi. Lakini mimi nasema rangi ndiyo kosa dogo. Kesho mkimpaka Yesu rangi nyeusi kama yangu, mkamwachia kanzu ile ile, mwanga ule ule na magoti yale yale safi, mtakuwa mmebadilisha nini? Mtakuwa na uongo ule ule, ila umevaa ngozi yetu.

Uongo gani? Nieleze kwanza picha hizi zilivyotengenezwa.

Karne ya 19, mtu aliyetaka kuwa mchoraji wa heshima huko Ulaya alipitia chuo. Alianza kwa kunakili sanamu za plasta za Wagiriki na Warumi. Alipoziweza, akaletewa mtu wa kulipwa, akae mbele yake bila nguo, achorwe. Kisha akafundishwa kupanga watu ndani ya picha kama waigizaji jukwaani, huyu ainue mkono, yule alie kidogo, mwanga utoke huku. Paris kulikuwa na maonyesho makubwa yaliyoitwa Saluni (si ya kunyolea), na baraza la waamuzi lilikubali picha au kuikataa, likagawa medali. Picha za Biblia na za historia ndizo zilizokaa juu ya nyingine zote. Na rangi ilipaswa kulazwa laini kabisa, hata alama ya brashi isionekane.

Sikilizeni hilo la mwisho. Kazi nzuri ilikuwa ile isiyoonyesha kazi. Na walipofika kwenye mateso ya watu wa Biblia, wengi wao wakayafanya vivyo hivyo. Mateso yakapigwa pasi.

Luka anaandika kwamba usiku ule jasho la Yesu lilikuwa kama matone ya damu yakidondoka chini. Itazameni picha ya Hofmann. Tone liko wapi? Kanzu imetulia kama imetoka kwa dobi. Nywele zimechanwa. Huyu ni mtu anayejua kwamba usiku huo huo watamkamata?

Au chukueni picha ya Mfaransa Luc-Olivier Merson ya mwaka 1879, ya familia takatifu ikipumzika njiani kukimbilia Misri. Maria amelala na mtoto katikati ya miguu ya lile sanamu kubwa la jiwe la Misri, Sfinksi. Yusufu amelala mchangani, punda yuko kando, moshi wa moto unapanda wima, hakuna upepo wowote. Ni picha nzuri, sikatai. Nimeiangalia kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini mimi nimelala njia ya kukimbia, na ninyi pia. Tulipolala kati ya Kapoeta na mpaka wa Nadapal mwaka 2014, nani alilala? Mtoto anaharisha, maji ya jerikeni yamebaki kidogo na kila mtu anayapigia hesabu, baba amekasirika na mama kwa sababu alisahau cheti cha shule, na mama amekasirika na baba kwa sababu ni baba. Yusufu hakumgombeza Maria hata mara moja? Mtoto hakulia?

Sasa nawageukia ninyi ndugu zetu wa mashirika. Mtasema, haya ni mambo ya wachoraji waliokufa zamani, yanatuhusu nini? Yanawahusu. Fungueni ripoti zenu za mwaka, tazameni jalada. Mama, mtoto, shuka imefunika kichwa, macho yanatazama pembeni, mwanga unatoka upande mmoja. Mnamjua huyo. Ni Maria wa Saluni, ila amehamia kambini.

Nilipokuwa Kakuma niliwahi kutafsiri kwa mpiga picha mgeni. Sitataja alikuja na nani. Alimkuta mama fulani anacheka na majirani zake kwenye foleni ya maji, na kusema kweli kicheko kilikuwa kikubwa, walikuwa wanamsema mwenyekiti wa bloku. Mpiga picha akangoja. Kicheko kilipoisha akaniambia nimwambie mama amshike mtoto karibu na asiitazame kamera. Halafu akaniomba niwasogeze vijana waliosimama nyuma, eti wanaharibu picha. Nikawasogeza. Kisha akanitazama akanionyesha kwa mkono na mimi nisogee. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mwanamume, nimeshiba kiasi. Katika picha ya mkimbizi sikuwa na mahali.

Mnaikumbuka na ile ya Ayod, nchi yetu hii, Machi 1993, mtoto ameinama chini na tai nyuma yake. Kevin Carter aliipiga, mwaka 1994 akapewa tuzo ya Pulitzer. Dunia nzima ikamwona mtoto peke yake duniani na ndege wa mauti. Kituo cha chakula kilikuwa karibu, na watu walikuwepo. Mpangilio wa picha ndio uliowaondoa. Sisemi njaa ilikuwa uongo. Njaa ilikuwa kweli na iliua. Nasema ili tuhurumiwe ilibidi tuwe wachache, tuwe kimya, tuwe hatuna hatia hata ya kuwa na majirani.

Na sisi wenyewe je? Hapa ndipo wazee wa kanisa waliponikunjia uso.

Sisi tuliipenda picha ile. Tulijiona ndani yake haraka sana. Kila mhubiri kambini anajua kwamba Yesu alikuwa mkimbizi Afrika, na kila Krismasi tunasikia kwamba sisi ndio familia takatifu na wale wa upande ule ndio Herode. Upande ule ukihama kutoka bloku moja hadi nyingine, Herode naye anahama. Ukienda kanisa la jirani, Herode ni wewe. Isaya 18 tunaisoma kwamba ni sisi, watu warefu wa nchi iliyogawanywa na mito. Sawa. Lakini hakuna mhubiri niliyemsikia akisoma Mwanzo 4 akasema, na huyu pia ni sisi.

Kuna picha moja tu ya wachoraji wale wa chuo ambayo nilipoiona nilisema, hawa nawajua. Ni ya Fernand Cormon, Mfaransa, iliyoonyeshwa Saluni ya 1880. Leo iko jumba la Orsay, Paris. Ni kubwa sana, upana wake mita 7. Kuna watu wanakimbia kwenye ardhi kavu, jua linachoma. Mbele yuko mzee aliyepinda mgongo, nywele zimesongamana, miguu mitupu. Nyuma yake wanaume wamebeba machela ya miti, na juu ya machela mwanamke amekaa, watoto wamelala, vipande vya nyama vyenye damu vinaning'inia. Kijana mmoja amembeba msichana mikononi. Mbwa wanafuata. Hakuna anayetazama juu mbinguni, hakuna mwanga wa pembeni. Wamechoka, wachafu, wanaogopa, na bado wamebebana.

Hiyo ndiyo njia ya Nadapal. Hiyo ndiyo njia ya Bor kwenda mtoni. Ni sisi kabisa, mpaka mbwa.

Na jina la picha ni Kaini. Mzee aliye mbele ni yule aliyemwua ndugu yake.

Cormon alipata wazo kwenye shairi la Victor Hugo, na kila mtu mle ndani alimchora kwa kumtazama mtu hai. Hata yeye alikuwa mtoto wa chuo, alitumia mbinu zile zile za chuo. Kwa hiyo si kwamba hawakujua kuchora mateso yenye uchafu. Walijua. Ila uchafu walimpa mwenye dhambi, usafi wakampa mtakatifu. Hilo ndilo somo tulilolimeza pamoja na kalenda, na mashirika yamelimeza pia. Anayeteseka kweli ni yule asiye na doa. Mwenye doa, mateso yake si mateso, ni malipo.

Ndiyo maana watu hujifunza haraka kusimulia hadithi safi. Mnaofanya usaili msinielewe vibaya. Sisemi watu wanadanganya. Waliyosema yaliwapata, mengine ni mabaya kuliko wanavyoweza kusema. Najua pia Mkataba wa 1951 una kifungu cha kuwakataa waliofanya uhalifu mkubwa, na hao ni kazi ya mahakama, si ya mwalimu wa Sherikat. Mimi naongelea sisi wengine, wengi wetu, ambao hatukuua mtu, lakini tulinyamaza, tulielekeza kidole, tulichukua kitanda cha jirani aliyekimbia. Fomu ina nafasi ya kilichokupata. Haina nafasi ya ulichofanya. Na kanisani pia nafasi hiyo haipo, maana ukutani kuna Gethsemane tu.

Sitawasema wengine nikajificha. Desemba 2013 nilikuwa nimesharudi Juba. Risasi zilianza Jumapili usiku, tarehe 15. Jumatatu usiku mtu alibisha mlango wangu. Alikuwa jirani, wa kabila ambalo siku hizo lilikuwa linatafutwa mtaani kwetu. Wanawe nilikuwa nawafundisha hesabu. Aliniita "mwalimu", kwa sauti ya chini, mara tatu au nne. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango huo huo. Sikufungua.

Nilikuwa na sababu. Wangemkuta kwangu, wangetuua wote. Labda. Asubuhi hakuwepo, na mpaka leo sijui alikwenda wapi. Wiki chache baadaye na mimi nikawa mkimbizi, nikafika mapokezi Kakuma, nikaulizwa kilichonipata. Nikaeleza, na kila neno lilikuwa kweli. Nikaandikishwa, nikapewa mkeka na sufuria.

Sasa kila Jumapili naingia kanisani nikipita chini ya ile picha ya Hunt. Itazameni vizuri mkipata nafasi. Mlango anaoubisha Yesu hauna kitasa upande wa nje. Magugu yameota mpaka katikati. Unafunguliwa kutoka ndani tu. Vijana wetu wanaona nywele za mzungu. Mimi naona mlango. Kwa hiyo msiniambie mimi kwamba tatizo la picha ile ni rangi.

Mtauliza, basi unataka nini, tukae na kalenda za Kampala milele? Hapana. Wapo waliotuonyesha njia nyingine.

Henry Ossawa Tanner alikuwa Mmarekani mweusi. Mama yake alizaliwa utumwani Virginia, akatoroshwa kwenda Pennsylvania. Tanner alipitia chuo huko Philadelphia, kisha mwaka 1891 akaenda Paris, na Saluni ile ile ikampa medali mwaka 1897 kwa picha yake ya kufufuliwa kwa Lazaro. Serikali ya Ufaransa ikainunua. Mwaka huo huo akasafiri Misri na Palestina kutazama watu kwa macho yake. Mwaliko wa malaika kwa Maria, aliouchora 1898, hauna mabawa wala kanzu ya hariri. Malaika ni mwali wa mwanga tu, na Maria ni msichana wa Kipalestina amekaa kwenye kitanda kilichovurugika, vidole vya miguu vinaonekana, amejikunja kwa hofu. Na safari ya Misri, Tanner aliirudia tena na tena, kutoka 1899 hadi miaka ya 1920, watu wadogo gizani wanaopita haraka. Mtoto wa mama aliyetoroshwa alijua kwamba anayekimbia hapendi kuonekana. Angalieni sasa: hakumpaka Yesu rangi nyeusi. Alichotoa ni ile pasi.

Karibu na sisi, miaka ya 1950, Elimo Njau, mtu wa Marangu aliyesoma Makerere, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya. Mandhari ni ya Wakikuyu, kuzaliwa kwa Yesu, Gethsemane na msalaba vyote viko kwenye migomba na milima yao. Na kanisa lenyewe lilijengwa kukumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, vita ambavyo pia vilifika ndani ya nyumba moja, ndugu na ndugu. Baadaye, kwenye jumba lake la sanaa Nairobi, Paa ya Paa, Njau aliweka onyo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Vijana wetu walikumbuke hilo kabla hawajachukua Yesu wa Hofmann na kumpaka rangi juu.

Basi nilichoomba kwenye mkutano ni haya, na nayarudia.

Gethsemane ibaki. Yule mama hana deni na Heinrich Hofmann, na sala zake ni zake. Ya mlangoni ibaki pia, na yeyote asiyetaka kuiona aniulize kwa nini mimi siwezi kuikwepa. Vijana wapewe ukuta wa upande wa kaskazini na rangi. Juba ina vijana wa kuchora, kuta za mjini zimeshachorwa na Ana Taban na wengine baada ya vita vya 2016. Lakini wasichore familia takatifu peke yake. Wamchore na Kaini, na njia, na machela. Na wakumbuke kwamba Mungu alimtia Kaini alama ili mtu yeyote asimwue. Tumezoea kuisema alama hiyo kama laana. Ilikuwa ulinzi. Ndiyo karatasi ya kwanza ya ulinzi tunayosoma kwenye Biblia, na alipewa mwenye hatia, baada ya kuulizwa ndugu yako yuko wapi. Aliulizwa kwanza. Sisi tumepewa karatasi na hakuna aliyetuuliza.

Na ninyi wa mashirika, mkija na kamera, pigeni foleni yote. Mwacheni mama acheke. Waacheni vijana wasimame nyuma. Msiogope kwamba wafadhili watafunga mkoba wakituona tulivyo. Kama huruma yao inakufa kwa kuona mtu mwenye doa, basi haikuwa yetu tangu mwanzo, ilikuwa ya Maria wa Saluni.

Mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kunikomesha: "Mwalimu, na nani atasali mbele ya picha ya muuaji?" Nikamjibu kwamba nitaanza mimi. Hakucheka mtu.

Kamati inakaa tena Jumapili ijayo. Nimeshaichapisha picha ya Cormon kwenye duka la kompyuta pale Custom, karatasi mbili nimeziunga kwa gundi kwa sababu haikutosha kwenye moja. Rangi imetoka vibaya, Kaini amekuwa kijani kidogo. Nitaenda nayo hivyo hivyo, pamoja na misumari.